Ugonjwa wa akili na "damu ya ukoo": tafiti zilizofanyika vijijini kwetu, na swali tunaloulizwa ukweni

Mwanzilishi wa uzi, Mukono

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya swali ambalo familia yetu iliulizwa mwezi uliopita, sebuleni kwa watu, mbele ya vikombe vya chai ambavyo vilikuwa bado havijaguswa. Tulikuwa tumempeleka mdogo wangu kujitambulisha ukweni. Kabla mazungumzo ya mahari hayajafika popote, shangazi wa binti, yule ambaye Waganda humwita ssenga, alikohoa kidogo, kisha akauliza kwa upole uliotutisha kuliko ukali: "Tumesikia mama yenu aliwahi kuchanganyikiwa. Hiyo kitu iko kwenye damu yenu, ama ilikuja mara moja tu?" Mjomba aliyekuwa msemaji wetu alijibu kwamba ilikuwa malaria iliyompanda kichwani. Watu wakashusha pumzi, chai ikanyweka, na uongo ukapita.

Haikuwa malaria. Mama alijifungua mtoto wake wa sita mwaka 1989, tukiishi katika kambi ya polisi jijini Kampala, katika zile nyumba za mabati za duara tulizoziita yunipoti. Mimi nilikuwa na miaka minane, na ninachokumbuka zaidi ni ungo. Mama alikaa mkekani ameuelekea ukuta, ungo wa mchele mapajani, akichambua mawe. Akimaliza, anaurudisha mchele uleule kwenye ungo na kuanza upya. Mtoto akilia, alimnyonyesha bila kumtazama, kisha akaurudia ungo wake. Kambi ilikuwa na watu wa kila kabila na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kwa hiyo tulipokea maelezo ya kila kabila kwa lugha moja: jirani Mganda alisema ni amakiro, jirani kutoka kaskazini alisema ni roho ya marehemu inayodai haki yake, na mke wa sajenti mmoja alisema ni husuda ya mke mwenza, ingawa mama hakuwa na mke mwenza. Baba alinyamaza tu. Hatimaye bibi mzaa mama alipanda basi kutoka Busia, akakaa nasi miezi mitatu, akawa analala na mtoto na kumpeleka kwa mama wakati wa kunyonya tu. Mama alipata nafuu taratibu, na tangu hapo hajaugua tena.

Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, na ninakiri kwamba swali la ssenga lilinishinda kulijibu hata moyoni mwangu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, na nilichokikuta kimenishangaza kwa jambo moja: baadhi ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu mwili, akili na maisha ya nyumbani yalianza kuchunguzwa hapa Uganda, katika sebule za mabibi zetu, lakini sisi wenyewe bado tunaulizana habari za damu kana kwamba hakuna aliyewahi kutafiti.

Nianze na Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, aliyefika Kampala mwaka 1954 akifuatana na mumewe na kupata msaada wa taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa na kumpeleka akalelewe kwa bibi yake, naye alitaka kuona utengano huo unamfanyia nini mtoto. Alipofika vijijini akakuta desturi yenyewe karibu imekwisha. Mtu mwingine angefunga mizigo. Yeye alibaki na akina mama 26 wa vijiji vya karibu na Kampala, akawa anawatembelea kila baada ya wiki mbili, kiasi cha saa mbili kila mara, akiwa na mkalimani wake, wakati wa alasiri ambapo wanawake walizoea kupokea wageni. Humo ndimo alimoona jambo ambalo kila mmoja wetu amewahi kuliona bila kulipa jina: mtoto anatambaa kutoka kwa mama yake kwenda kukagua chungu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anarudi kumgusa goti, kisha anakwenda tena mbali kidogo kuliko mara ya kwanza. Mama alikuwa kituo chake cha usalama. Aligundua pia kwamba mtoto mwenye utulivu hakutokana tu na mama kuwepo kwa saa nyingi, bali mara nyingi alikuwa mtoto wa mama aliyeweza kumsimulia mgeni habari za mwanawe kwa undani, anapenda nini, anakataa nini, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi inayofundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima ilipata ushahidi wake wa kwanza wa namna hiyo Buganda, kabla ya Ainsworth kuendelea na kazi hiyo Baltimore, Marekani.

Sasa mwili unaingiaje? Binadamu akihisi hatari, ubongo hutuma ujumbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni iitwayo kotisoli, ambayo huuweka mwili tayari kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, ubongo huisikia kotisoli hiyo na kuamuru mtambo uzimwe. Mtoto mchanga hana uwezo wa kuuzima peke yake. Anayemzimia ni mtu anayembeba. Huko Montreal, Michael Meaney na wenzake walichunguza panya na kuona kwamba wapo mama wanaowalamba watoto wao sana na wapo wanaowalamba kidogo, na watoto waliolambwa kidogo hukua wakiwa wepesi kushtuka na wazito kutulia. Hadi hapo mtu angesema ni damu ya mama yao. Lakini watoto waliozaliwa na mama wasiolamba walipopelekwa kulelewa na mama wanaolamba, walikua watulivu kama watoto wa mama mlezi. Mwaka 2004 watafiti hao walionyesha kwamba malezi hayo huacha alama za kikemikali juu ya jeni, yaani kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi kwa wazazi, inayosaidia ubongo kuisikia kotisoli. Jeni yenyewe haibadiliki, ila namna inavyosomwa ndiyo hubadilika. Na panya jike aliyelambwa hukua akawa mama anayelamba. Anayetazama kutoka nje ataona tabia imepita kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu na kuapa kwamba ni ukoo, na kweli ni ukoo, ila haikupita kwa njia anayoidhania.

Panya si binadamu, na ningewaomba wachangiaji tusiruke kutoka kwenye kizimba cha Montreal hadi sebuleni kwa ssenga. Hata hivyo, hoja yangu ndiyo hiyo: jambo linaweza kutembea ndani ya ukoo bila kutembea ndani ya damu peke yake, na tunapouliza "ni damu au si damu" tunafunga mlango ambao msaada ungepitia. Karibuni.

Mchangiaji, Kasese

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu jinsi ulivyosema wazi habari za mama. Lakini niruhusu nikupinge. Katika ukoo wetu, baba zangu wadogo wawili waliugua ugonjwa ule wa kusikia sauti, ambao hospitalini waliuita skizofrenia, na baadaye akaugua binamu yangu aliyekulia upande wa pili wa mpaka, Kongo, ambaye hakuwahi kulala chini ya paa moja na hao wazee hata usiku mmoja. Alilelewa na watu wengine, kwa chakula kingine na kwa lugha nyingine. Hapo utaniambia nani hakumlamba? Mimi naona wasomi wa siku hizi wanaogopa neno damu kwa sababu linaumiza, lakini kuumiza hakulifanyi kuwa uongo. Ssenga aliyeuliza alikuwa anamlinda mtoto wake, na mimi nikiwa na binti nitauliza vilevile.

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu wa Kasese, asante, na katika jambo la skizofrenia una haki kubwa kuliko mimi nilivyoandika pale juu. Urithi upo, na kwa ugonjwa huo ni mkubwa. Katika watu wote, anayeugua ni kiasi cha mmoja kati ya 100. Kwa mtu ambaye mzazi wake mmoja anaugua, inakuwa kiasi cha mmoja kati ya 10. Hiyo ni mara kumi, na si jambo la kulifunika kwa maneno matamu. Lakini hebu itazame hesabu hiyohiyo kutoka upande wa pili: watoto tisa kati ya kumi wa mzazi huyo hawataugua. Na mapacha wa kufanana, ambao wana jeni zilezile, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika takribani nusu ya visa au pungufu ya hapo. Kama damu ingekuwa hukumu, pacha wa pili asingekuwa na pa kukimbilia.

Kwa sonona, yaani ule unyong'onyevu mzito unaomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na sababu ya kuamka, urithi ni mdogo zaidi. Uchambuzi wa tafiti za mapacha uliotoka mwaka 2000 uliukadiria kuwa kama asilimia 37, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya tofauti kati ya watu hutokana na jeni. Na hapa nikiri kosa la upande wetu sisi watu wa sayansi. Mwaka 2003 ulitoka utafiti maarufu uliotokana na kundi la watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, ukisema kwamba kuna jeni moja ambayo mtu akiwa nayo katika umbo fulani, na akapata misukosuko ya maisha, huangukia sonona kwa urahisi zaidi. Habari hiyo ilipendwa sana kwa kuwa iliunganisha damu na maisha kwa hadithi fupi, nami mwenyewe niliwahi kuifundisha darasani kwa bidii. Mwaka 2019 watafiti wengine walipopima jeni hiyo na nyinginezo zilizokuwa na sifa kama hiyo, katika makundi yanayofikia mamia ya maelfu ya watu, hawakukuta kitu. Kinachojulikana sasa ni kwamba jeni zinazohusika ni nyingi mno, na kila moja inasukuma kidogo sana. Kwa hiyo huko maabara hakuna kipimo ambacho ssenga angeweza kukiomba hata kama angekuwa na fedha.

Binamu yako wa Kongo ninamkubali kama ulivyomweleza. Ninachokuuliza ni hiki: katika ukoo huohuo, mmebaki wangapi wazima, na je, yeyote aliwahi kuwahesabu?

Mkunga, Arua

Ndugu zangu, mimi ni mkunga wa miaka mingi, na ninaomba kuongeza yale ninayoyaona kwa macho, maana mmezungumza habari za panya na mapacha wakati mama mwenye ungo bado amekaa mkekani.

Mwalimu, mjomba wenu alidanganya, lakini hakukosea kabisa. Mama aliyejifungua akianza kuweweseka, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni homa, kwa sababu malaria inayofika kwenye ubongo na maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua huweza kumfanya azungumze yasiyoeleweka, na hayo huua haraka kuliko huzuni. Tukishapima na kukuta hakuna, ndipo tunageukia mambo mengine. Mwili wa mama hupitia jambo ambalo hakuna mwanamume atakayelipitia: ndani ya siku chache baada ya kondo kutoka, homoni za estrojeni na projesteroni, zilizokuwa zimepanda kwa miezi tisa, huporomoka kama gunia lililokatwa kamba. Wengi hulia siku ya tatu au ya nne, kisha hutulia. Wachache huingia katika sonona inayodumu. Na mmoja au wawili kati ya kila 1,000 hupatwa na wazimu wa ghafla, hasa katika wiki mbili za mwanzo. Hao ni dharura, hawapaswi kuachwa peke yao na mtoto, na wanahitaji hospitali siku hiyohiyo. Ni kweli kwamba hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mama ambaye yeye au nduguye wa karibu aliwahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kwa hiyo, ndugu wa Kasese, hata mimi huuliza habari za ukoo. Huziuliza kliniki, ili nijue nani nimfuatilie kwa karibu, na jibu ninalopewa halimzuii mtu kuolewa.

Sasa kuhusu amakiro. Wasiolijua neno hili waelewe kwamba kwa Waganda ni ugonjwa wa mzazi ambao chanzo chake husemwa kuwa ni uzinzi wa mama, au wa baba, wakati wa ujauzito, na husemwa kwamba mama hufikia kutaka kumla mtoto wake. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza aitwaye John Cox alifanya kazi Makerere, akawachunguza wajawazito 263 wa Kasangati, nje kidogo ya Kampala, na akaandika kuhusu amakiro kwa heshima, bila kulicheka. Baadaye alilinganisha akina mama wa Uganda na wa Scotland na kukuta kwamba sonona baada ya kujifungua iko kote kuwili, kwa viwango visivyopishana sana. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa orodha ya maswali 10 ambayo leo huulizwa wazazi katika nchi nyingi na kwa lugha nyingi. Orodha ile inaitwa kwa jina la Edinburgh, lakini mimi nikiisoma ninaisikia Kasangati. Kinachoniuma ni kwamba ile tafsiri ya uzinzi bado inafanya kazi wodini: mama anaona machozi hayakatiki, anajua akisema ataulizwa alilala na nani, basi ananyamaza hadi anapovunjika.

Mchangiaji, Jinja

Shikamoo mama mkunga, na salamu kwa mwalimu. Ninyi mnazungumzia ugonjwa unavyoingia nyumbani. Mimi nauliza unavyorudi. Kaka yangu amelazwa mara tatu katika miaka minne. Kila mara anatoka akiwa mzima, ana dawa zake mfukoni, na kila mara ndani ya miezi michache anaanza tena kuzunguka usiku na kuzungumza na redio iliyozimwa. Sisi tunampenda. Lakini nikisema ukweli, nyumba yetu haina kimya. Mama anamwambia kila asubuhi kwamba amemaliza pesa za ada za wadogo zake, baba anamwita mzigo mbele ya wageni, na mimi ndiye ninayemfuata hadi chooni kuhakikisha hajatupa vidonge. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, mhudumu alituambia mbele yake kwamba "familia ndiyo imemharibu". Mama hajarudi tena kituoni tangu siku hiyo. Je, ni kweli?

Mwanzilishi wa uzi

Dada wa Jinja, hapana, si kweli, na sentensi ile ina historia mbaya ambayo yule mhudumu huenda hakuijua. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, mtabibu wa akili huko Marekani, aliandika kuhusu "mama anayezalisha skizofrenia", na kwa miaka mingi baada ya hapo akina mama wa wagonjwa walitazamwa hospitalini kama washtakiwa. Hakuna utafiti uliowahi kuthibitisha kwamba mama anaweza kuuumba ugonjwa huo kwa malezi. Hata wale waliotaka kuitazama familia bila kuishtaki walipata shida kukwepa mtego huo. Murray Bowen, kwa mfano, kati ya mwaka 1954 na 1959 alilaza familia nzima, wazazi pamoja na watoto, katika wodi ya taasisi ya taifa ya afya ya akili huko Bethesda, Marekani. Alianza kwa kumchunguza mama na mtoto, na kadiri alivyowatazama ndivyo alivyoona kwamba baba na ndugu nao wamo, kwamba wasiwasi wa mmoja unahamia kwa mwingine kama joto linavyohama kutoka sufuria hadi mfuniko. Ninaliona wazo lake kuwa zuri kwa kutazama nyumba, lakini dhaifu kama maelezo ya chanzo cha skizofrenia, na tusichanganye mambo hayo mawili.

Swali lako la kurudi kwa ugonjwa lina jibu bora zaidi. Jijini London, George Brown na wenzake waligundua katika miaka ya 1950 jambo lililowashangaza: wagonjwa waliotoka hospitalini na kurudi kwa wazazi au kwa mume au mke walirudishwa wodini mara nyingi zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba kwa watu baki. Walipoendelea kuchunguza, walikuta kwamba tatizo halikuwa ujamaa wenyewe, bali nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au ulinzi wa kupita kiasi. Katika takwimu zilizochapishwa mwaka 1976, takribani nusu ya waliorudi katika nyumba za namna hiyo waliugua tena ndani ya miezi tisa, na katika nyumba tulivu aliugua kiasi cha mmoja kati ya wanane. Katika nyumba yenye lawama, aliyetumia dawa na kupunguza saa za kukaa ana kwa ana na wanaomlaumu alikuwa na nafuu kubwa kuliko asiyepata hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo vidonge visiachwe, ila asimamiwe na mtu mmoja tu anayeelewana naye, tena mara moja kwa siku, bila kumfuata chooni. Baba akishindwa kuacha kusema, kaka apate kazi au mahali pa kushinda mchana, kwa mjomba au shambani.

Ningependa pia mama yako alisikie hili: lawama nyingi nyumbani huongezeka kadiri ugonjwa unavyodumu, kwa sababu watu wanachoka. Yeye naye amechoka. Nani anamuuliza hali yake?

Mchangiaji, Jinja

Hakuna. Na mwalimu, hapa kwetu mtaalamu wa kuzungumza naye hayupo, na tungempata bado nauli na malipo vingetushinda. Utafiti wa London unatusaidia nini?

Mwanzilishi wa uzi

Basi tuondoke London, twende Masaka na Rakai. Wilaya hizo zilizikwa mara mbili, kwanza na vita, kisha na UKIMWI, na kuelekea mwaka 2000 watafiti waliowauliza wanavijiji shida zao waliambiwa kuhusu hali mbili ambazo zilikuwa na majina ya Kiganda kabla ya daktari yeyote kufika: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujisikitikia. Zilikaribiana mno na ile tunayoiita sonona. Mwaka 2002 Paul Bolton na wenzake walichukua vijiji 30, wakapiga kura ya vijiji vipi vianze kupata msaada, na katika hivyo wakaunda vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vilivyokutana saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16. Dawa hazikutolewa, na walioongoza hawakuwa madaktari bali wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Mazungumzo yalihusu mambo ambayo yeyote kati yetu angeyataja: kufiwa, ugomvi wa nyumbani na jirani, na maisha yanayobadilika ghafla, kama mtu kuwa mjane au kujua ana virusi. Hakuna aliyetakiwa kuchimba utoto wake wote. Waliulizwa wiki hii ilikuwaje, nani alisema nini, na wiki ijayo utajaribu kufanya nini.

Mwanzoni, katika vijiji vilivyopata vikundi, asilimia 86 ya walioshiriki walikuwa na vigezo vya sonona kamili. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganisha ilishuka kutoka 94 hadi 54.7 tu. Miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na mbinu hiyohiyo ndiyo Shirika la Afya Duniani lililoitolea mwongozo mwaka 2016 kwa ajili ya nchi nyingine.

Mmoja wa waanzilishi wa mbinu hiyo ni Myrna Weissman wa Marekani, na kazi yake nyingine inafunga duara tulilolianza. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha habari za mama 151 waliokuwa wakitibiwa sonona kwa dawa, pamoja na watoto wao, ambao wenyewe hawakupewa chochote katika utafiti huo. Baada ya miezi mitatu, kwa watoto ambao mama zao walipona, matatizo ya akili yaliyotambuliwa yalipungua kwa asilimia 11. Kwa watoto ambao mama zao hawakupona yaliongezeka kwa asilimia 8. Mtoto hakubadilishiwa damu katika miezi hiyo mitatu. Kilichobadilika ni uso wa mama anapoamka.

Ninaelewa kwamba ugonjwa wa kaka yako si sonona na vikundi havitamponya. Lakini mama yako angeweza kukaa kwenye kundi la namna hiyo, na vipo vinavyoendeshwa hapa nchini hadi leo. Anzeni kwa kuuliza kwa wahudumu wa afya wa kijiji na kituo cha afya kilicho karibu.

Mchangiaji, Kasese

Nimewahesabu, mwalimu. Kwa babu yetu mmoja, wajukuu ni 41 ninaowafahamu kwa majina, na aliyeugua ni mmoja. Nilikuwa najua habari za huyo mmoja kuliko za wale 40. Bado binti yangu akiposwa nitauliza, lakini nadhani nitamuuliza pia walimtunzaje mgonjwa wao.

Mkunga, Arua

Hilo la mwisho ndilo ningetaka kuulizwa mimi. Mwalimu, kabla uzi haujahama, nikuachie swali moja ambalo huwauliza wazazi wangu wote katika ziara ya wiki ya sita, kwa sababu maswali 10 ni mengi foleni ikiwa ndefu. Namuuliza mama: "Usiku mtoto akilala, na wewe unalala?" Anayesema mtoto ananisumbua, huyo amechoka kama wazazi wote. Anayesema mtoto analala lakini mimi silali, huyo namwambia akae, namfungia mlango, na foleni inasubiri.

Mwanzilishi wa uzi

Mama mkunga, nimempigia mama jana jioni. Sasa ana miaka 71, yuko Busia, na tangu mwaka 1989 hatujawahi kulizungumza jambo hili hata siku moja. Nilianza kwa kumsimulia habari za ukweni na ile malaria ya mjomba, akacheka. Kisha nikamuuliza kama ulivyoniandikia: kabla bibi hajaja, usiku mtoto alipolala, na yeye alikuwa analala?

Alikaa kimya kwa muda, hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Hapana. Nilikuwa nachambua mchele gizani, kwa vidole, nisiwaamshe."